Mwiko wa Mama Ayubu

Kongo, Kawangware,
Nairobi.

Mpendwa dada yangu Roselida,

Natumaini barua hii itakukuta umetoka shambani na umeshanawa miguu, maana si ya kusomwa umesimama. Kifua cha shemeji kimepoa? Na yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, alizaa salama? Sisi huku tunapumua, ingawa kupumua kwenyewe siku hizi ni kazi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini hatukuja Krismasi, nami nikakujibu kwa mkato, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Chumba chetu ni kimoja, na habari za mgonjwa hazisemwi juu ya kichwa chake. Sasa ametoka kuota jua uani na jirani yetu Mama Shiru, nami nimepata nafasi ya kuandika. Mzee mmoja wa kanisa anasafiri kuja huko, atakuletea.

Mgongo wa wifi yako unaujua. Uliharibika kwa yale magunia ya sukuma wiki aliyobeba sokoni miaka yote tuliyosomesha watoto. Lakini nikueleze jambo ambalo hata mimi mwalimu sikulijua. Maumivu yakikaa mwilini muda mrefu huwa kama mpangaji mbaya: akishazoea chumba, huanza kuwafukuza wenyeji. Kwanza uliondoka usingizi, kisha hamu ya kula, kisha nyimbo. Unakumbuka Mama Ayubu alivyokuwa hawezi kuchambua mboga bila kuimba? Huu ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, nao unaitwa sonona. Hapa mtaani watu husema tu, "Ako na mawazo." Si uvivu, dada, wala si mapepo.

Kaka yetu mkubwa alinipigia akasema nimlete nyumbani akae nawe, mimi nibaki huku na wanafunzi wangu wa jioni kule mtaa wa Satellite. "Mwanamke asiyeweza kupika," aliniambia, "atakusaidia nini mjini?" Nilikaribia kukubali. Soma nililoliona, ndipo umweleze kwa nini nimekataa.

Siku moja mgongo ulimkamata akisonga ugali. Jiko letu lilikuwa chini sakafuni, naye ameinama, mkono mmoja kwenye sufuria, mwingine kwenye mwiko. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipozaa. Nikamshika bega, nikautoa mwiko mkononi mwake. "Pumzika, Mama Ayubu. Kuanzia leo kupika ni kwangu."

Mama Shiru alipoona nikiosha sufuria bombani alipiga kelele hadi wapangaji wa ploti nzima wakatoka. "Kujeni muone bwana! Wangu hata kikombe hawezi suuza! Mwalimu, huna ndugu huko kwenu?" Nilicheka, nikajiona mume wa kupigiwa mfano. Ndani, Mama Ayubu aligeukia ukuta. Tangu siku hiyo hakugeuka tena vizuri. Kanisani akaacha kwenda. Nikimwekea chakula, alisema "asante" kama mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu.

Nikampeleka zahanati moja ya mtaa wa Lindi, kule Kibera, niliyosikia ina muuguzi anayejua kuwasikiliza watu wa mgongo. Ni binti Mnubi, mzaliwa wa Kibera hiyohiyo, mpole wa sauti. Alimpima, akamgeuza, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, siku hizi nyumbani unafanya nini?"

"Mimi? Mimi ni mgeni tu."

"Mgeni wa nani, mama?"

"Wa huyu. Mwiko alishachukua. Nangoja aniambie siku ya kwenda."

Yule binti alinitazama. "Mzee, hapo sijaelewa. Mwiko ni nini kwenu?"

Wewe unajua ninavyopenda kueleza, Roselida; nikaanza kumweleza, na katikati nikajisikia mwenyewe. Nilimkumbuka mama yetu akisema kwamba mwanamume akimtoa mkewe mwiko mkononi, amekwisha kumfungulia mlango. Nilidhani mila hiyo tuliiacha huko kijijini pamoja na mafiga. Nilichompa kama huruma, yeye alikipokea kama talaka, na kila sufuria niliyoosha iliirudia talaka hiyo. Ndiyo sababu siwezi kumleta kwako peke yake. Angepanda basi akiamini kwamba siku aliyoingoja imefika.

Muuguzi alitupa dawa ya maumivu na nyingine ya moyo ulioinama, akatuonya kwamba hiyo ya pili haina haraka. Akasema pia kwamba mgongo hauponi kwa kulala kutwa. Afanye kazi kidogo, apumzike kabla maumivu hayajapanda, na jiko liondoke sakafuni.

Nikaenda kwa seremala wa hapa Kongo, akanitengenezea meza imara, urefu wa kiuno chake. Juu nikaweka meko ya gesi, chini tofali la kukanyagia mguu mmoja, maana ukiinua mguu mgongo hupata nafuu. Kisha nikamwendea na mwiko, nikaushika kwa mikono miwili.

"Huo ni wako," akasema bila kugeuka. "Umeunguza nao unga wa kutosha."

"Ndiyo maana naurudisha."

"Ugali wako, Baba Ayubu, hata kuku wa Mama Shiru waliukimbia."

Dada, nilisimama pale nikitaka kulia kwa furaha ya kutukanwa.

Hakuinuka siku hiyo. Aliinuka siku nyingine, nami nikashika sufuria kwa kitambaa yeye akisonga wima, mguu juu ya tofali, akinikemea, "Shika vizuri, si daftari hiyo!" Tunapika hivyo, mikono yake na yangu. Siku nyingine hawezi. Basi sufuria hungoja, nasi tunakula mkate. Mwiko siugusi. Nisikudanganye kwamba amepona: zipo asubuhi ambazo macho yake hayaonekani kuniona. Lakini juzi, akichambua mboga, nilisikia nusu ya wimbo.

Natamani nyumbani, Roselida. Natamani ukungu wa asubuhi juu ya majani ya chai, na kumwona Mama Ayubu akitoka jikoni kwake akipangusa macho kwa kanga. Tutakuja pamoja mgongo ukikubali basi, au hatutakuja. Mwiko wake wa zamani unaning'inia huko juu ya mafiga yake. Mpe mzee wa kanisa akirudi aulete huku, maana huu wa mjini anasema ni mwepesi kama kijiko.

Mpe shemeji pole ya kifua. Shangazi yetu asiyesikia, mshike mkono kwa niaba yangu. Kaka msomee barua hii polepole, usiruke penye mwiko. Watoto wako waambie mjomba anawauliza hesabu.

Liko moja la mwisho. Jana, tukila, aliniuliza ghafla, "Kwangu moshi bado unatoka?" Sijui kama kuna mtu amewasha moto jikoni mwake tangu tulipoondoka. Nilimjibu kwamba unatoka kila jioni, kwamba wewe hukosi kuwasha. Aliitikia kwa kichwa, akaongeza tonge.

Tafadhali, dada, uwashe leo.

Kaka yako akupendaye,
Baba Ayubu