Kuku wa Mwalimu

Edinah, nimeisha. Niko shuleni hapa Kitale. Nimemuuliza mwalimu alinijazia fomu ya chuo gani.

Akaniuliza, "Nikujazie? Siku hizi kila mtu anajiombea mwenyewe kwa mtandao. Na nafasi ya kuomba ilifungwa jana."

Jana, bana. Jana.

Si unajua baba yangu, alisema ati shule ndiyo hujaza fomu, kwa sababu wakati wao ilikuwa hivyo. Nikamwamini. Nimekaa nyumbani Saboti nikipalilia mahindi, nangoja.

Mwalimu anasema niombe moja kwa moja huko chuoni kwako Kibabii. Lakini kwa njia hiyo serikali hainisaidii na karo, ni baba peke yake atalipa.

Na baba namwona kwa dirisha. Anaingia geti na suti ya kanisa, kuku kwapani, anakuja kumshukuru mwalimu.