Kanzu ya Rais na Sanda ya Mtu wa Chiola

Kwenu nyote wa nyumba yetu ya Malolo, wakubwa kwa wadogo, na walio shambani waitwe kwanza: nawatangazia rasmi kwamba sufuria kubwa ya Chama cha Kuzikana cha kambi yetu hapa Nachingwea imepatikana. Imepatikana nyuma ya chumba cha Rais, kuku wawili wamelala ndani yake. Kifuniko bado kinatafutwa. Tangazo limekwisha.

Mama, shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi za baridi? Na ufuta, mmeshaukata au mmewaachia ndege? Mimi mzima. Kazi ni ileile ya kupaka grisi matrekta ya karanga, na grisi nayo inanipaka mimi, hata nikinawa kwa mchanga haitoki. Somoe, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke penye jina lako. Najua utataka kuruka.

Huyu Rais nimekwisha kuwaandikia habari zake. Ni Zuberi, yule Mngoni aliyetoka Songea, mkubwa wa chama chetu. Sisi tulitaka kumwita mwenyekiti kama vyama vingine. Akakataa, akasema kuna rafiki yake aliyepigana vita Burma, akamweleza kwamba huko Marekani mkubwa wao ni rais na watu humpigia makofi hata kabla hajasema. Basi tukampigia makofi. Tangu siku ile sijaona mtu anayependwa namna hii. Anajua jina la kila mtu kambini na jina la mama yake. Maiti anaiosha kwa mikono yake mwenyewe, na kaburini analia kuliko wafiwa. Makarani wanaovaa soksi anawasema mbele yao, nasi tunafurahi, maana sisi hatuwezi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Alifariki mtu wa Chiola, Mmwera mwenzetu, Selemani, kwa homa. Chama kikatoa bafta ya sanda, mchele, na mbuzi wa kuwapikia waliokuja kuzika. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea. Mama, mwanamume huvikwa vipande vitatu, hilo unalijua. Selemani alikuwa na viwili. Nikamtazama Mzee Chitanda wa Kilimarondo, naye akanitazama, tukafukia. Mbuzi hatukumwona kwenye sahani. Na Ijumaa iliyofuata Rais akaja msikitini na kanzu mpya ya bafta, nyeupe mpaka macho yanauma.

Maneno yakaanza. Karani mmoja akasimama akataka uchunguzi, na kambi nzima ikakubali. Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa akili zetu wenyewe. Tulisema wachunguzi wawe Wamwera watatu, maana Mngoni ni mtani wetu tangu babu zao walipokuwa wakiwakimbiza babu zetu, na mtani hamwogopi mtani. Atamwambia usoni jambo ambalo mwingine angelimeza. Mkubwa wa uchunguzi akawa Mzee Chitanda. Mimi nami nilisema ndiyo, ni shauri zuri.

Tukakaa Jumapili baada ya adhuhuri, kwenye banda la matrekta. Mzee Chitanda akakohoa kama hakimu.

"Zuberi, hiyo kanzu umeitoa wapi?"

"Nilimvua babu yako," Rais akasema. "Alipotuona anakimbia, ikamnasa kwenye mwiba, akaona bora roho."

Banda zima likacheka. Mzee Chitanda akauma mdomo asicheke, akacheka.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi alisikia msiba ni wa Wamwera, akajua atapikwa bila chumvi. Akaenda zake Kilimarondo kwenu, akajikabidhi kwa simba. Simba wana adabu, huanza na shingo."

Hapo hata karani alicheka. Kisha Rais akafanya uso wa huzuni, akauliza, "Wazee, mtani msibani ana haki gani?"

Mama, haki hizo unazijua kuliko mimi. Mtani hukalia udongo wa kaburi mpaka akombolewe kwa kitu. Huchukua jembe, huchukua kuku, humtukana maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Aliposema hivyo alikuwa ameshatufunga. Wachunguzi wakanong'onezana, kisha Mzee Chitanda akasimama na kutoa hukumu. Ni kweli, Rais amechukua kipande cha sanda. Ni kweli, mbuzi naye amemla. Lakini amechukua kwa utani, na cha utani hakina kesi.

Watu wakapiga makofi. Rais akasema mnaona, kesi hii ni ya makarani, hawapendi mimi nile ugali pamoja nanyi. Makofi tena.

Mmoja tu hakucheka, mjane wa Selemani, aliyekuwa amekuja kuchukua vyombo vya marehemu. Alikuwa amekaa juu ya gurudumu bovu la trekta. Hakuinua sauti.

"Mume wangu hakufa kwa utani," akasema.

Nikajisemea, leo basi, amekwisha. Mama, sikumjua mtu yule. Rais alikwenda mpaka kwa mjane akapiga magoti kwenye mafuta machafu, machozi yanamtoka, machozi ya kweli, nilikuwa karibu. Akaivua kanzu mbele ya watu wote, akaikunja, akamwekea mapajani. Watu wazima wakawa wanafuta macho kwa mikono. Mzee Chitanda alilia wazi. Wakamthibitisha palepale awe Rais mpaka atakapochoka mwenyewe. Mjane aliitazama ile kanzu, akaifunga pamoja na vyombo vyake, akaondoka bila kuaga.

Mimi macho yangu yalikuwa makavu, ndiyo maana niliona. Chini ya kanzu alikuwa amevaa shati, jipya, la bafta ileile.

Nikamwonyesha Mzee Chitanda kwa kidole. Akaniambia, "Hamisi, wewe una roho mbaya. Mtu ametoa nguo yake, wewe unahesabu mashati."

Nimekaa nikalifikiri jambo hili chini ya matrekta, maana huko mtu hakusemeshi. Sisi tulidhani tukimwonyesha kwamba si mwaminifu ataanguka. Lakini hakuna aliyempa urais kwa uaminifu. Walimpa kwa sababu anawachekesha na kuwaliza, na siku ya uchunguzi aliwachekesha na kuwaliza kuliko siku zote. Tulimtengenezea ngoma yake. Nasikia sasa anataka uchunguzi uwe kila mwaka.

Sasa nakuja kwa Somoe. Somoe, usiruke.

Tangu nifike hapa, Zuberi ananiita shemeji. Utani tu. Mchana kwenye foleni ya chakula huniuliza, "Shemeji, mke wangu wa Malolo hajambo?" Nami hujibu kama mtani anavyojibu, "Mchukue leo, anatumalizia mihogo." Watu hucheka, tunakula. Basi jioni ileile ya hukumu, akiwa na shati lake la bafta, akanishika bega mbele ya banda zima akasema, "Na huyu amenipa dada yake. Mashahidi mpo."

Nikasema, "Ule ulikuwa utani."

Akawageukia wazee. Na Mzee Chitanda, ambaye mchana uleule alisema cha utani hakina kesi, akatikisa kichwa akasema, "Hamisi, neno ulilitoa mbele ya watu, tena si mara moja."

Unaona, Mama. Akichukua yeye ni utani, nikisema mimi ni ahadi. Sijui sheria hiyo inaandikwa wapi, lakini yeye anaisoma vizuri.

Atakuja kwa Mjomba kuposa. Mjomba ndiye mwenye neno juu yetu sisi watoto wa dada yake, na Mjomba, Mungu amhifadhi, anapenda sana kucheka. Hapo ndipo usingizi unaponipotea. Nakuomba umkalishe kabla mgeni hajafika. Mwambie asicheke. Akicheka mara moja tu, tumekwisha. Kama atataja babu zetu na mbio zao, Mjomba aangalie mkeka. Kama atalia, aangalie mkeka vilevile. Amwulize neno moja tu: mke aliyemwacha Songea yuko wapi? Hapa kambini kila tukimwuliza hilo, kila mmoja hupewa jibu lake, na yote yanachekesha.

Na wewe Somoe, mimi sijakutoa, wala sina uwezo wa kukutoa. Ukimtaka kwa akili zako, sawa, lakini kwanza tazama anavaa nini ndani.

Mnisalimie Mjomba, ila salamu hizi mumpe baada ya kumweleza, asije akafurahi mapema. Mnisalimie Bibi, mumwambie tumbaku yake nimeipata. Shangazi wa ng'ambo ya mto, mwambieni mwanawe yuko salama na ananenepa. Jirani yetu mfinyanzi naye asalimiwe, aniwekee chungu.

Ni mimi mtoto wako ninayekukumbuka kila nikisikia harufu ya ufuta,
Hamisi, mpaka grisi wa Nachingwea.

Naongeza hapa chini kwa haraka. Lori la kuja huko kwenu Ruangwa ni moja tu wiki hii, na barua hii nampa dereva mkononi. Amekaa mbele na Rais.