Baba, Nyimbo Zako Nne Nilizifuta Mimi

Mpendwa Baba,

Huku Kinoru tuko tu sawa. Kibanda bado iko, lakini siwekei watu nyimbo tena. Siku hizi kila mtu ana nyimbo zote za dunia kwa simu, hata ng'ombe ingekuwa na mfuko ingekuwa nazo. Nauza kava na chaja, na siku ya mpira uwanjani nauza vuvuzela. Kelele haijawahi kosa soko.

Wiki iliyopita mteja aliniletea iPod ya zamani, ile ya kuzungusha na kidole, kama ile dada Kawira alikutumia kutoka ng'ambo. Akataka nimuuzie. Nikamwambia hata wenye kuitengeneza waliachana nayo, aweke chini ya meza ikitingika. Tukacheka sana. Alipoenda nikafunga kibanda mapema, nikakaa tu.

Unakumbuka siku iPod yako ilifika? Uliigeuza geuza ukauliza, "Hii ni sabuni?" Nikakuwekea waya masikioni, ukasikia gita. Gita yako! Ile bendi yenu ya ujana, iliyokuwa inapiga kwa mabaa ya Kanyakine. Nyimbo nne pekee, kwa kaseti moja, na hiyo kaseti ilitafunwa na redio baada ya Kawira kuinakili. Kwa hivyo dunia nzima zilikuwa zimebaki hapo tu. Ulisimama katikati ya miti ya kahawa ukaita, "Mama Kawira! Kuja usikie kijana alikuoa!"

Baadaye ukaniletea niongeze za kanisa. "Wewe ndiye msomi wa hii boma," ukasema. Msomi wa darasa la tano! Nikaichomeka kwa kompyuta yangu mpya. Kompyuta ikaniuliza swali refu kwa Kizungu, ikangoja Yes ama No. Wateja watatu walikuwa wananiangalia. Nikajibu Yes, maana No ilikaa kama madharau.

Baba, ilikuwa inauliza kama ifute kila kitu.

Nikakuambia betri imekufa. Ukasema, "Hata yangu iko karibu." Tukacheka. Mimi ndio nilicheka zaidi.

Lakini hukuiacha nyumbani. Huko fakitori ya kahawa, ukiwa kwa laini na gunia yako, waya ziko masikioni, kichwa inatingika. Jirani yetu M'Ikiara akikuuliza, "Leo unasikiza nini, mzee?" unamjibu, "Mambo yetu ya zamani. Kijana yangu ndiye aliniwekea. Mpelekee simu yako." Na walikuja, Baba. Kibanda ilijaa mpaka nikaongeza benchi.

Siku moja nikakupata hapo kwa laini, nikakuja polepole nyuma yako, nikachomoa waya moja nikaweka kwa sikio yangu, nikitaka kukufanyia utani. Hakuna wimbo. Ukanishika mkono.

"Nyamaza," ukasema. "Nikisema ilikufia kwako, nani atakuletea simu yake?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikakuambia na hizo waya unakaa kama rubani wa ndege.

Ulikaa miaka mingine mitano. Kila nikija nyumbani nilikuwa na simu ya kurekodi mfukoni, na gita yako ilikuwa imeangikwa hapo kwa ukuta. Nilihitaji tu kukuambia, "Baba, nipigie zile nne tena." Lakini ungeniuliza kwa nini, na jibu nilikuwa nalijua. Kwa hivyo nikakuletea mkate na sukari, nikapiga stori za bei ya maziwa, nikarudi mjini. Miaka mitano, Baba. Mimi huyu ambaye hata polisi huwa naongelesha mpaka anacheka, nilishindwa na maneno matano.

Tangu tukuzike nimejaribu kuziimba. Ya kwanza naipata mpaka katikati. Kawira anakumbuka kipande ya ule wimbo wa pili, ananiimbia kwa simu. Mama anatusikiza, anasema tunaziharibu zote mbili. Ya tatu na ya nne hakuna mtu anazo.

Nisamehe. Haikuwa betri. Sikuelewa swali, na niliona haya kuuliza.

Lala salama, Baba.

Ni mimi,
kijana yako wa mwisho