Fundi Viatu na Kigoda cha Alfajiri

Mwaka umetimia, Baba Mapacha, tangu uliposhusha nyundo yako usiinyanyue tena. Wanao wameniachia kalamu mimi mkeo, na wanajua sitaandika ya kupamba.

Ulikuwa fundi viatu mwenye huruma. Wanafunzi waliokuja na soli zinazoning'inia hawakurudi peku. Lakini kutwa nzima ulibana misumari midomoni, na nikikusemesha ulijibu "mh". Maneno yako uliyamaliza alfajiri, kabla ya kazi, ukimsomea Mungu Zaburi.

Niseme kweli: nilimwonea Mungu wivu. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilikusikia nyuma ya mlango wa karakana ukimwambia mtu kwamba una kiu naye. Nikaingia na ufagio, tayari kumtoa huyo mwanamke, kumbe uko peke yako na Zaburi zako. Ulicheka mpaka gundi ikakauka kwenye brashi. Mimi sikucheka. Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia.

Kila asubuhi ulisogeza kigoda cha wateja mbele yako. "Mama, njoo ukae. Hata mwenye hasira ana zaburi yake."

"Nikae niwe wa pili? Mnikome, wewe na huyo mwenzako!"

Miaka ishirini na sita sikukaa. Hilo linaniuma mno.

Ulipoondoka, niliingia karakana kugombana na Mungu. Nikakalia kile kigoda, nikamwambia: "Saa yake ya kwanza ulichukua, sasa umechukua zote. Umeridhika?" Kisha nikafungua Zaburi zako. Nikakuta kuna aliyemuuliza Mungu makali kuliko yangu, amejificha wapi, atakaa kimya mpaka lini, na bado akamngoja. Nililia sana. Chumba hakikuwa kitupu, sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kesho yake nilirudi, na mpaka leo narudi.

Wivu haujaisha, usidhani. Ninyi wawili sasa mnaonana uso kwa uso, mimi huku nazungumza na nisiyemwona. Ila nimeacha kununa. Nangoja.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, mapacha wako, mkwe wako fundi bomba, na dada yako mshona nguo, anayevaa bado vile viatu ulivyomtia soli mara tatu. Hutoki mioyoni mwetu, si leo wala kesho. Nami zamu yangu ikifika, mnisogezee kigoda. Safari hii nitakaa.