Neno Lililomo Katika Mkataba wa Thornhow

Shamba la Thornhow,
Cumberland.
9 Mei, 1971.

Mpendwa kaka Joss,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na wifi Maureen, na wanao? Kile kifua kimepoa? Mimi sijambo kwa mwili. Kichwa ndicho kinachozunguka.

Unalikumbuka neno "heft" alilopenda kulitaja baba akisema jinsi kondoo wetu wanavyoshikamana na malisho yao? Limo kwenye mkataba wa shamba: kundi likipoteza heft yake, mwenye ardhi anaweza kututoa. Msimamizi wake anakuja kukagua tarehe ishirini na tisa.

Kosa ni langu. Mwaka jana niliwauzia wachinjaji majike wazee kumi na wanane, meno yamekwisha. Nikajiona mjanja! Kumbe hao ndio waliokuwa wakiwafundisha wana wao mahali malisho yetu yanapoishia, maana kule mlimani hakuna ukuta wala ua. Sasa majike wachanga wanatangatanga hadi kwenye malisho ya jirani yetu, Isaac Tyson. Alinijia mlangoni amefura.

"Dinah, umechinja walimu ukabaki na wanafunzi! Una akili timamu wewe?"

 

Basi nikaanza kulitafuta neno lenyewe, labda nipate pa kujitetea. Mwalimu Relph anasema lililetwa na walowezi wa Norwei miaka elfu iliyopita, na kwao lilikuwa haki ya kumiliki kitu kwa kukikalia muda mrefu. Nikafurahi, maana sisi tumekaa hapa tangu babu wa babu! Padri naye akasema la hasha, ni Kiingereza cha kale, maana yake kushikiza, kama kisu na mpini wake. Haya, kinachoshikizwa ni kondoo, ni ardhi, au ni mimi? Loo, Joss, kila nikiuliza nazidi kupotea. Mwishowe nilimwendea Isaac.

"Hayo ni ya vitabuni," akasema. "Heft ni miguu. Mtu anapanda mlimani kila asubuhi, anawarudisha kondoo, anawarudisha, mpaka wajue kwao. Miaka mitano hivi."

"Mtu gani?"

"Wewe, bibie. Fimbo unayo?"

Nilicheka, kisha nikalia palepale uani kwake. Nina miaka sitini na mitatu.

Msimamizi nitamweleza ukweli wote, nimwombe hiyo miaka mitano. Sijui kama atakubali. Akubali asikubali, kesho naanza kupanda mlima. Uliniandikia nihamie kwenu New Zealand, na nilikuwa nikijibu "tutaona, tutaona". Jibu ni hapana, kaka. Siji. Ila peke yangu sitaiweza miaka yote mitano, na nimeona haya kukuambia tangu mwanzo wa barua hii. Njoo wewe. Hata kwa mwaka mmoja tu.

Nisalimie wifi, Alan na Ruth mdogo. Isaac anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dinah