Vipande vya Idd Pili

Jumapili, 8 Machi

Ami Hemed amepiga simu baada ya adhuhuri. Amezungumza na Laila na mambo yamekwisha: Idd mosi watoto watabaki na mama yao Kitisuru, Idd pili dereva atawaleta kwangu Kabiria, washinde mpaka magharibi. Siku nzima! Tangu Laila aolewe tena nimekuwa nikionana nao mkahawani tu, kila mtu na soda yake, dereva anatazama saa.

Sasa nitawapa nini? Baba yao wa kambo amewanunulia tableti. Mimi ni fundi wa vitanda na makabati. Basi nitawatengenezea ile michezo ya mbao ya kupanga vipande, wenyewe wanaiita pazo. Ridhaa ana miaka minane: mlango wa Kilamu, na nakshi zake zote. Sahar mitano: kuku na vifaranga. Mwenye tableti na ashindane na hiyo.

Ningeweza kumpigia Laila mwenyewe tukapanga. Lakini mimi na yeye tunazungumza kupitia Ami Hemed, kama nchi mbili zenye ugomvi wa mpaka. Imekuwa mazoea.

Jumatano, 11 Machi

Nimechora mlango, nimeanza kukata. Kazi yote iko kwenye msumeno. Ukiwa mnene, vipande vinalegea, vinacheza kama meno ya mzee. Ukiwa mwembamba, unakatika. Leo umekatika mara mbili nikatukana kwa sauti, na nimefunga. Astaghfirullah.

Kila kipande nimekipitisha shavuni kutafuta vibanzi. Sahar bado anatia vitu mdomoni? Sijui. Baba mzima, sijui. Basi hakuna vanishi, mafuta ya nazi tu.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Mbao ya kuku niliinunua Dagoretti, muuzaji akaapa imekauka. Imefura! Vifaranga haviingii mahali pao hata kwa nyundo. Jirani yangu Peres ametoa kichwa dirishani: "Zaki, si ungewanunulia tu biskuti?" Nimecheka kwa sababu kulia ni makruhu.

Kuku naanza upya. Ninacho kipande cha mkangazi nilichokuwa nakiwekea mteja. Mteja atangoja.

Alhamisi, 19 Machi

Mwezi haukuonekana. Ami Hemed amepiga: sisi tunakamilisha thelathini, Idd ni Jumamosi. Wanaofuata mwezi wa Saudia wanasali kesho, na nyumba ya Laila imo humo, mumewe hataki kusikia mwezi mwingine. "Mwezi unaonwa kwa macho, si kwa televisheni," Ami amesema. Tumewacheka sana.

Mimi nimefurahi kwa sababu yangu. Nimepata siku moja zaidi. Kuku hajapigwa msasa.

Ijumaa, 20 Machi

Asubuhi wenye Idd yao wamepita na kanzu zilizonyooshwa, wananukia udi, na mimi nimefunga, vumbi la mbao mpaka kooni. Nimemfikiria Sahar na vitumbua vyake. Wale tu, wana wangu.

Kesho Idd mosi, keshokutwa watoto wako hapa! Kesho jioni nitanunua kuku, wa kupika huyu. Peres ataniazima sufuria kubwa. Mlango umekwisha, umetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kimebaki kifaranga kimoja, nitakimalizia kesho jioni pia. Haraka ya nini.

Jumamosi, 21 Machi

Asubuhi. Nimeoga, nimevaa kanzu. Simu inabaki karakana, kwenye koti la kazi. Kwenye sala ya Idd simu ni balaa, na kila ninayemtaka leo nitamkuta mjini. Chakula cha mchana kwa Ami Hemed. Idd njema, Zaki.

Jioni. Walikuja.

Peres alikuwa ananingoja mlangoni. "Watoto wako walikuja asubuhi, wamevaa smart kabisa. Nikawaambia baba ameenda maombi, ngojeni. Wakakaa hapo kwa ngazi mpaka huyo dereva akachoka. Kasichana kakaanza kulia. Kijana alikuwa anaangalia barabara tu." Aliwapa chai na mkate, Mungu ambariki.

Kwao Idd mosi ilikuwa jana. Idd pili yao ni leo. Nani asiyejua kuhesabu mpaka mbili? Nilikuwa nalo jambo lenyewe mkononi tangu Alhamisi, nikawa nacheka televisheni za watu. Jana niliwaona kwa macho yangu wakienda kusali. Sikuhesabu. Nilihesabu ya kwangu tu.

Simu imejaa namba ya dereva. Halafu ujumbe wa Laila: *Watoto wamekuja Idd pili kama tulivyoelewana. Hukuwepo. Kesho tunasafiri Mombasa.* Ndio ujumbe wa kwanza kuniandikia mwenyewe tangu aolewe.

Nimempigia Ami Hemed. Amesema tusijilaumu, Idd ya haki ni ya leo, waliokosea ni wao. Haki gani hiyo, watoto wamekaa ngazini na nguo mpya?

Najuta.

Jumapili, 22 Machi

Nimemaliza kifaranga alfajiri, nikafunga kila kitu kwa karatasi ya kaki, nikaja Kitisuru. Ami sikumwambia. Mlinzi wa geti, Ajwang kwa jina, akasema hajaambiwa kuna mgeni. Nikamwambia mimi ni baba yao. Akanitazama kanzu, akatazama kifurushi, akaenda kuuliza.

Laila akatoka mwenyewe. Nilitaka anifokee. Hakufoka. Akasema wanapakia mizigo, nina muda mfupi.

Nikamwambia, "Laila, nilihesabu vibaya."

"Ungeuliza," akasema. "Namba yangu unayo." Akarudi kwenye mizigo.

Kweli ninayo.

Sahar akaja mbio, akararua karatasi, akamwaga vipande kwenye nyasi. Kifaranga kikasita kidogo, nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono. Ridhaa akaja polepole. Akanibusu mkono vizuri, kwa adabu, jinsi anavyofundishwa kuwafanyia wageni. Ule mlango akaupokea, akaukumbatia na karatasi yake, hakuufungua.

"Baba, ile Idd ingine, utafuata mwezi ya nani?"

Nikamweleza. Mwezi wa kuonwa kwa macho, kukamilisha thelathini, jinsi Ami Hemed alivyonifundisha, naye alivyofundishwa na babu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini mimi nikuje siku gani?"

Mama yake akamwita akavae viatu. Ridhaa akasema anarudi, nimwambie akirudi.

Nimetoa shajara kwa sababu mikono haijui pa kukaa. Jibu ni jepesi, siku yoyote, mwanangu, zote, mimi nipo. Lakini nikisema hivyo nimwambie nini Ami, aliyenilea, aliyenishikisha msumeno? Na nisiposema, mtoto huyu atakaa kwenye ngazi za watu mara ngapi?

Sahar amelala kifudifudi kwenye nyasi, anapanga. Buti la gari limefungwa. Ridhaa anatoka, viatu amevaa, kifurushi kwapani, karatasi bado haijaguswa, anakuja moja kwa moja kwangu. Naifunga shajara nimpe lile jibu jepesi.