Kwako Paulin Mukuka, Uliyefunga Nyasi za Dembo

"Baba Delphine, hii ndege unaangaliaka kila siku ya Mungu, utaikula lini?" Ndivyo jirani yetu Clovis alivyokuuliza zamani mbele ya mlango, watu wakacheka. Ukamjibu polepole, ukimwachia yeye chumvi: "Nitakuita. Wewe utaleta munyu."

Paulin, baridi ya mwezi wa sita imerudi, na mwaka umetimia tangu Bwana akuite. Bado tunakusikia ukicheka.

Ulichoma matofali miaka mingi, mikono yako ikanuka moshi hata siku ya misa. Ulikuwa mtu wa moto, lakini ulikuwa mpole. Hukumpita mgonjwa bila kuingia kumsalimu.

Ukitoka kanisani ulikwenda dembo, lile bonde la nyasi na maji nyuma ya nyumba zetu. Mvua ikikolea, maji yalipanda mpaka kwenye mashimo yako ya udongo wa matofali, na wale ndege wadogo, kwera, wakavaa nyekundu. Ulisema wamejiandaa kwa sikukuu ya mashahidi, kama padri. Mvua ikikatika, maji yalirudi katikati, nyasi zikasimama za manjano, na wale korongo wawili wakubwa wa shingo nyeupe wakajenga kiota chao matopeni. Ulirudi suruali imelowa hadi magotini. Mke wako akigomba, ulimwambia: "Mama, nyamaza kidogo. Bibi-korongo ameketi."

Siku hiyo ulifunga fundo la nyasi penye njia ya kuingilia. Kila mtu alijua: fundo likiwepo, hakuna kuwasha moto. Kinda akisharuka ulilifungua mwenyewe, ndipo vijana wakachoma nyasi na kuwinda ndezi.

Mwaka jana ulifunga, ukaugua, ukatuacha. Fundo likabaki.

Mwezi wa nane Clovis alikuja, wawindaji na mbwa nyuma yake.

"Mama Delphine, pole. Lakini mwenye fundo alishaka kwenda. Nani atafungua?"

"Mutoto wa korongo ataruka, nitafungua miye."

"Nyasi inakauka sana! Tukingoja mwezi wa tisa uishe, moto utaruka. Nyumba ya kwanza iko yako!"

"Najua. Miye ndiye nalalaka ndani."

Mmoja wao akasema mjane amerithi wazimu wa mume. Mbwa wakabweka, wote wakaenda zao.

Mke wako alisali rozari, kisha akachukua jembe. Pamoja na watoto wenu Delphine na Clément alilima ukanda mtupu kati ya nyasi na nyumba, mpaka viganja vikachubuka. Kila asubuhi alisimama pale ulipozoea kusimama. Kinda alimfuata mama yake, akapiga mabawa, akaanguka kwenye nyasi. Vumbi likajaa, upepo ukazidi, majani yakawa yanavunjika yakiguswa tu. Mke wako Hortense alilitazama paa la nyumba, akalitazama fundo. Mara moja mkono wake ulilishika, akaurudisha.

Halafu asubuhi moja kinda akakimbia, akanyanyuka, miguu inaning'inia, akapita juu ya mashimo ya udongo na hakuanguka. Mke wako alipiga magoti akafanya ishara ya msalaba. Akalifungua fundo, akaenda yeye mwenyewe kumwita Clovis.

Moto ulikuja kwa kishindo, kweli ulikuja. Ulipofika kwenye ule ukanda mtupu, ukazimika. Clovis alisimama na tawi lake bichi la kuzimia moto mkononi, akiitazama nyumba yako, haina alama.

Misa yako itasomwa siku ya Mungu ijayo, misa ya kwanza ya asubuhi. Mvua zitakuja na kukatika, maji ya dembo yatapanda na kushuka, nawe hutatoka mioyoni mwetu. Pumzika, Paulin.

Tunaokukumbuka: mke wako Hortense Ngosa, watoto wako Delphine na Clément, mdogo wako Antoine na nyumba yake yote, na Clovis jirani, aliyeingia jana tukiandika haya, kofia mkononi, akasema: "Mama Delphine, korongo ameisha kuketi juu ya mayai. Nyasi nimefunga. Munyu nimeacha kwangu." Akavaa kofia yake, akatoka.